Mgomba Tuliouzika Kabazi

Kaka yangu alichomelea meli kwenye mageti ya watu kabla hajawahi kuona bahari. Alikuwa fundi wa vyuma hapa Nakuru, kwenye vibanda vya jua kali. Ukimpa kazi ya geti uombe maua, ungepata maua yako. Uombe simba, ungepata simba wako. Halafu chini kabisa, karibu na bawaba, ungekuta meli ndogo yenye bomba la moshi, ambayo hukuiagiza. Wateja wengine walilalamika.

"Boss, mimi nilisema simba. Hii nayo ni nini?"

"Hiyo ni ya bure, mzee," angejibu bila kuinua uso. "Simba akichoka na Nakuru atasafiri."

Geti letu la Kabazi, kijijini kwa nyanya yetu, halina simba wala maua. Lina meli tupu, kubwa, imejaa geti zima, nusu upande huu na nusu upande ule. Ukifungua, meli inakatika katikati. Ukifunga, inaungana tena. Alilitengeneza kwa vyuma vya kuokota, na siku alipolifunga nyanya alitoka na bakora yake, akalipapasa kwa sababu macho yake hayaoni vizuri, akauliza, "Hii ni nyumba ya nani imelala?" Tunamwita kukhu, kama watu wote wa kwetu magharibi wanavyowaita nyanya zao, ingawa kwetu magharibi mimi nimefika kwa matanga tu. Marehemu babu alikuja huku na reli, akastaafu, akanunua kipande hicho cha Kabazi, na hapo ndipo tulipo.

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikaingia kwenye stoo ya viazi mjini. Malori yanashuka kutoka Molo, sisi tunachambua: vikubwa huku, vya mbegu kule, vilivyooza nje. Ni kazi ya mikono, akili inabaki huru kuzurura, na yangu huzurura sana. Mimi na kaka tulikuwa na mpango. Yeye angeunda meli, mimi ningefungua hoteli ya chipsi ndani yake, na tungeiegesha pale penye watu wengi zaidi duniani. Hatukuwa tumekubaliana ni wapi. Mama alikuwa akitusikiliza huku akimenya kitunguu, anasema, "Na mimi nitakuwa wapi kwenye hiyo meli?" Kaka anamjibu, "Wewe ni kapteni, mathe. Nani mwingine anaweza kutupigia kelele hivyo?"

Halafu akaja wakala wa kutafuta mafundi wa kuchomelea, wa kwenda kufanya kazi kwenye bandari ya nje, mahali ambapo meli zinatengenezwa. Kaka alijaribiwa kwa chuma kimoja, akapita. Akaenda.

Jina la mji ule hatulitaji nyumbani. Mama alikataza, na mimi hapa nitamheshimu.

Sauti zake za kwanza kwenye simu zilikuwa za kicheko. Alikuwa hapendi kuandika, alituma sauti. "Sista! Si ungeona hii kitu!" Alieleza kwamba ilikuwa bandari ya wanamaji wa nchi hiyo, meli za kivita za kijivu zimejipanga kama ng'ombe kwenye josho, na mdomoni mwa bandari kulikuwa na ngome ya zamani ya mawe. Ukuta wake mnene kuliko nyumba yetu ilivyo pana. Mizinga ya zamani bado iko juu, watoto wa shule wanapandia wakipigwa picha. Kuta mbili zimetoka huku na huku zikaingia baharini, zimebakisha nafasi ya meli kupita. "Bandari pia iko na geti, sista," aliniambia. "Kubwa kushinda ya kukhu. Lakini haina urembo. Nitawaambia."

Kisha vita vikaingia nchi ile. Nani alianza, mimi sikuelewa, na watu wanaojifanya wanaelewa walinichosha. Nilichoelewa ni kwamba adui walizifunga barabara zote za mji, halafu meli zao zikaja zikasimama mbali baharini, mahali ambapo kaka aliziona kama meno. Mji ukawa katikati. Meli ya kuwatoa wageni ilipangwa, ikapangwa tena, ikasahaulika. Mafundi walihamishiwa ndani ya ngome ile ya watalii, chini, kwenye vyumba vilivyokuwa vya kuwekea baruti enzi hizo.

Sauti zilikuwa zikifika asubuhi, mtandao unapokubali, wakati mimi nimeshakaa kwenye gunia langu stooni. Niliibana simu sikioni kwa bega, mikono ikaendelea na viazi.

"Niaje, sista. Leo tumepewa supu ya njegere. Hiyo supu ni nyepesi mpaka unaweza ona kesho kwa chini. Uko stoo? Hebu chukua kiazi moja, gonga kwa simu niskie."

Nilichagua kizuri, chekundu, kigumu. Nikakigonga kwa simu, ko ko ko, nikatuma. Wenzangu waliniona wakasema huyu sasa amerukwa. Jibu lilikuja: kulikuwa na wanaume wengi wanacheka kwa lugha nisizozijua, na kaka katikati yao anasema, "Wamekubali ni ya Molo. Wanauliza kama unaweza kuipika halafu utume tena."

Mama hana simu ya kupokea mambo hayo. Yake ni kabambe, ya vitufe. Kwa hivyo kila Jumapili nilipanda Kabazi na sauti zote za wiki, tukakaa jikoni, nikamchezea moja moja. Nilikuwa nazipanga zenye kicheko kwanza. Zingine nilizipita. Aliniona.

"Rudi hiyo umeruka."

"Hiyo haina kitu, mama. Ni kelele tu."

"Rudi."

Nikairudisha. Kaka anasema polepole: "Huku chini ukiweka sikio kwa ukuta unaskia bahari. Ni kama mtu analala. Halafu unaskia zile zingine." Halafu ananyamaza, simu bado inarekodi, na zile zingine zinakuja. Si mlipuko kama wa sinema. Ni kama mtu ameangusha kabati kwenye nyumba ya jirani. Moja. Nyingine. Maji yanadondoka mahali. Mtu anakohoa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaenda akajaza ndoo zote maji, hata sufuria, hata kile kikombe cha kaka cha bati. Mwanawe alikuwa amesema huko maji yamekatwa.

Nataka kusema kuhusu meli, kwa sababu nadhani ndiyo iliyomvunja kaka. Walikuwa wameitengeneza miezi mingi, meli moja kuukuu ya mizigo ya jeshi. Kaka ndiye aliyeziba tumbo lake, chini, mahali pabaya pa kulalia chali cheche zikikudondokea. Aliipenda. Kuna siku alinitumia sauti ya nyundo yake ikiigonga, akasema, "Skia vile inaitika. Hiyo haivuji tena." Basi wakubwa wa bandari wakaamua kuufunga ule mdomo wa bandari ili meli za adui zisiingie. Na hufungi mdomo wa bandari kwa kufuli. Unafunga kwa kuzamisha meli zako mwenyewe pale penye njia. Wakawapa mafundi mitungi ya gesi, wakawaambia wakaikate meli ile ile.

"Nimeitoboa, sista. Mahali nilikuwa nimeziba, hapo hapo. Nilijua inaanzia wapi, hata sikuhitaji kupima." Alikuwa anapumua kama aliyekimbia. "Imeenda chini pole pole. Haikutaka. Sasa imekaa pale, unaona tu ile bomba yake juu ya maji."

Ya mwisho ni fupi. Nimeisikiliza mpaka naijua kama sala. "Sista, tumefunga geti. Hakuna wa kuingia, hakuna wa kutoka. Salimia kapteni." Nyuma yake kuna chuma kinagongwa, mara chache, kama mtu anayebisha kwa adabu. Sijui ni nani aliyekuwa anabisha.

Mji ulianguka. Tulisikia kwenye redio ya stoo, kati ya bei ya mazao na wimbo. Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, anayeendesha lori la viazi, alienda ofisi hii na ile. Kote aliambiwa asubiri. Tukasubiri. Mvua zikaja, zikaenda, zikaja.

Watu hudhani ukisubiri nyumba inakuwa kimya. Yetu ilijaa sauti. Upande wa pili wa bonde kuna machimbo ya mawe, na alasiri hulipua baruti. Tumekua na mlio huo, hata kuku hawashtuki. Lakini mama alianza kushtuka. Ikilia, angeweka chini alichoshika, chochote, hata mtoto wa jirani, na kusogea mbali na ukuta. Mwanamke ambaye hajawahi kufika hata Mombasa. Kisha angetazama ndoo.

Na mimi, mjini, nilikuta kaka amenizunguka. Sikuwa nimejua alifanya mageti mengi hivyo. Nikitoka chumba changu cha kupanga kwenda stoo, pale kwa daktari wa meno: chini, kwa bawaba, meli. Kwa kanisa la mtaani: chini ya msalaba, meli. Kwa bucha. Kwa shule ya chekechea, imepakwa rangi ya samawati. Zilikuwa zimenitangulia kila mahali, zote zinaelekea upande mmoja. Nilikuwa nainama kuzigusa, watu wanadhani nimeangusha kitu. Kuna barabara moja siku hizi sipiti, kwa sababu mwenye geti aliing'oa ile meli, na pamebaki kovu.

Kukhu ndiye aliyeanza mazungumzo ya mgomba. Alikuwa amedhoofika, chakula anakisukuma, na asubuhi moja ya Jumapili akatuambia mjukuu wake amemjia.

"Amesimama pale kwa geti. Maji yanamtoka hapa," akagusa kifua. "Nikamwambia, ingia. Akaniambia, kukhu, imefungwa. Nikamwambia, si wewe ulitengeneza? Akanitazama tu."

Mama aliendelea kuchambua mchicha.

"Mtu asiyepewa udongo wake atakaa mlangoni," kukhu akasema. "Nikifa leo nitampita hapo nje, na nitamwambia nini?"

Kwetu, mtu akifia mahali ambapo mwili hauwezi kurudi, maji yamemchukua au vita vimemmeza, huchimbwa kaburi nyumbani na kuzikwa mgomba badala yake. Unafunikwa kwa nguo zake, unaitwa jina lake, unaliliwa. Baada ya hapo yeye anatulia, na nyinyi mnatulia. Lakini kuna upande wa pili, na ndio mama aliokuwa anauogopa: ukishamzika hivyo, kwa kila mtu amekufa. Mchumba anaruhusiwa kuolewa. Kitanda chake kinatolewa. Hakuna kungoja tena.

"Mimi siwezi kumlilia mti," mama akasema.

"Shemeji," baba mdogo akaanza, "si mti. Ni mila tu, ndio mzee apate amani."

"Wewe umeona maiti?"

"Hapana."

"Basi nyamaza."

Walivutana hivyo Jumapili nyingi. Kukhu hakubishana. Aliacha tu kula. Alikuwa akishika kijiko, anakitazama, anakiweka chini, anasema atasubiri wamwite huyo aliye nje aje wale pamoja. Mkono wake ukawa kama kuni. Siku moja mama alikuwa anamwogesha, akatoka na karai, akamwaga maji uani, akasimama hapo ameshika karai tupu.

"Fanyeni," akasema. "Lakini nguo nitamvika mimi."

Shambani kwetu hakukuwa na mgomba. Watoto wa baba mdogo, vijana waliozaliwa mjini, walitumwa kwa jirani, mzee mmoja Mkikuyu mpole tunayemwita guka, yaani babu kwa lugha yake. Walirudi wamebeba mgomba begani, majani yamekatwa, mmoja mbele mmoja nyuma, wakiimba nyimbo za mpira hadi baba mdogo alipowafokea kwamba hiyo ni maiti. Wakanyamaza. Halafu yule wa nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Maiti ni nzito, buda," na yule wa mbele akacheka puani, na Mungu anisamehe, mimi pia.

Mama aliupokea mlangoni. Akaomba aachwe nao peke yake. Tulikaa nje tukisikia karatasi ya nailoni, kisha maji yakimiminwa. Alipofungua, ulikuwa umelala kitandani kwa kaka, umevikwa ovaroli yake ya kazi yenye matundu ya cheche, umefungwa blanketi toka juu hadi chini, umeshonwa kwa sindano ya gunia. Sijui nieleze vipi. Nilijua ni mgomba. Niliuona ukibebwa. Lakini mabega ya ovaroli yalikuwa yamejaa, na mimi niliongea kwa kunong'ona mpaka jioni.

Kaburi lilichimbwa kando ya la baba. Vijana walifika kina cha goti, wakakutana na mwamba. "Si inatosha?" wakauliza. "Ni mgomba, si ng'ombe." Baba mdogo aliangalia mawingu yaliyokuwa yanakusanyika, akasema inatosha. Mchungaji wetu alikuwa ametuambia mapema kwamba kwa chai atakuja, kwa mgomba hatakuja. Akaja. Akasimama nje ya geti, akaombea "familia hii katika hali yao," macho ameyakaza kwa meli ya chuma asione kinachoendelea ndani. Kukhu alishikwa mkono mpaka ukingoni, akamwita kaka kwa jina lake lote, na la babu, na la babu wa babu. "Sasa toka kwa maji," akamwambia. "Umefika. Lala." Akalia kile kilio cha zamani ambacho mimi sikijui, kinachopanda na kushuka kama mtu anatafuta ngazi gizani.

Mama hakulia. Alitupa udongo wake kidogo sana, kwa vidole, kama anayetia chumvi.

Siku hiyo hiyo kukhu aliomba ugali. Alikula akamaliza.

Nikadhani yameisha. Kazini nikarudi kupiga kelele na wenzangu, nikaanza tena kuota hoteli yangu, hata nikaihamisha kutoka kwenye meli nikaiweka kando ya barabara kama za watu wengine. Ndoto ndogo, ya mtu mmoja. Lakini sauti zake sikuzifuta.

Mvua za masika zilipokolea, nilipanda Kabazi na mfuko wa viazi. Nilikuta baba mdogo amesimama kaburini na panga, na mama amesimama mbele yake, kanga kiunoni, mikono mitupu.

"Shemeji, sogea."

"Ukate uone."

"Kaburi haliwezi kuota! Watu watasema nini?"

Nikaangalia chini. Mwishoni mwa ule udongo mwekundu, mahali ambapo ningesema ni miguu, kulikuwa kumetokea jani changa la mgomba. Lilikuwa bado limejikunja, jembamba, la kijani chenye maji, limesimama wima kama mkuki. Pembeni yake ufa mdogo wa udongo, na chini ya ufa nyuzi za blanketi. Nilisikia sauti yake waziwazi, si akilini, sikioni: *Hebu gonga niskie.*

"Ni yeye," mama akaniambia. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa namna iliyonitisha kuliko jani. "Yuko hai. Umeona?"

Nilikimbia kwa guka. Nilitaka mtu aniambie jambo la kawaida. Nilimkuta anafunga kamba za mahindi kwenye banda, nikamweleza, akakuna kichwa.

"Si lazima uote, mami? Niliwachimbulia na shina lake, lile tunguu la chini lenye mizizi, mzima mzima. Wale vijana walisema mnataka mgomba. Kwetu jirani akiomba mgomba huwezi kumkatia gogo tu, ni kama umemtukana."

Hakujua. Na vijana wetu hawakujua kwamba wa kuzika hukatwa juu ya udongo, shina likabaki shambani, ili kilichozikwa kisiwe na cha kuamkia. Kwetu magharibi hata mtoto wa darasa la pili angejua. Sisi ni watoto wa reli, tumeshika mila kwa ncha za vidole.

Niliporudi, baba mdogo alikuwa amemtoa kukhu nje ili awaamue. Kukhu aliinama kwa bakora yake, akalipapasa lile jani kutoka chini hadi juu kwenye ncha.

"Huu nani aliukata?"

"Haukukatwa, kukhu," nikasema. "Ulizikwa na shina."

Aliegemea bakora kwa mikono miwili. Nilidhani ataanguka. Kisha akaanza kutusi kwa lugha ya kwetu, matusi matamu ya kizamani, akiwataja wale vijana na mama yao na shule walizosomea.

"Mmenifanya nimlilie mtu ambaye hajazikwa! Sasa yuko wapi? Hayuko ndani, hayuko nje!"

"Ndio nasema tung'oe, mama," baba mdogo akasema.

"Ung'oe ukiwa unajua nini? Akiwa hai, unamng'oa. Weka panga chini." Akavuta pumzi. "Lakini nimeshamlilia, na kilio hakirudishwi. Mtu aliyeliliwa hapiti tena kwa geti. Akipita hapo atatuletea kifo chake ndani. Huyo akirudi, apite nyuma, kwa uzio uliobomolewa, kama mtu anayezaliwa. Bomoa uzio."

"Sasa hivi?"

"Unangoja aje akae nje tena?"

"Na wezi, mama?"

"Waibe nini? Meno yangu?"

Kwa hiyo baba mdogo, aliyekuja kung'oa mgomba, alilitumia panga lake kukata waya na michongoma nyuma ya jikoni. Alilaani kila tawi. Alipomaliza kulikuwa na pengo la upana wa mtu mmoja, na upande wa pili mahindi ya guka, yametulia.

Nilibaki jikoni na mama, tukimenya viazi. Lile neno la guka lilikuwa bado linanizunguka. Niliogopa kumwondolea alichokuwa nacho, lakini niliogopa zaidi ule mng'ao.

"Mama, wajua uliota kwa sababu ya shina. Si lazima iwe... mgomba wowote wenye shina huota."

"Najua."

"Guka aliuchimbua mzima."

"Mimi ndiye niliuvika," akasema. "Unadhani sikuona? Lilikuwa kubwa kama kichwa. Nikaliosha. Nikalifunga miguuni, nikashona."

Kisu changu kilisimama.

"Ningefanyaje? Nyanya yako alikuwa anakufa mbele yangu. Yeye nikampa kaburi. Na mimi nikajiwekea shina." Akakitupa kiazi kwenye maji. "Lakini kuliona limetoka... Nilijua litatoka, na bado nilipoliona nilipiga magoti. Usiniulize ilikuwaje, sijui."

Sikumwuliza. Mimi mwenyewe kila Jumatatu nikifika stoo huchagua kiazi kizuri, nikakigonga kwa simu, nikatuma kwa ile namba. Alama ya kupokelewa haijawahi kutokea. Sijui kama kaka yangu yuko hai. Mgomba haujui chochote kuhusu bandari, unaota kwa sababu una shina na mvua imenyesha. Najua hivyo vizuri. Na najua pia mkono wangu ukigonga, hugonga kwa adabu, mara chache, kama yule aliyekuwa anabisha nyuma ya sauti yake ya mwisho, ndani ya ngome iliyofungwa na watu wake wenyewe.

Mgomba sasa umenipita kwa urefu. Hakuna anayesema nani atakula ndizi zake. Geti la meli halifunguliwi sana. Sisi wenyewe tumezoea kupita nyuma, ni karibu na jikoni. Mbuzi wa guka wamelijua pengo pia, wanaingia kula sukuma wiki, na mama huwafukuza kwa maneno matupu. Fundi wa uzio alipita akataka kuliziba, akajibiwa kwamba hapo pana mtu.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunakula. Machimbo yalikuwa yamelia muda mfupi kabla, mama alikuwa ndio amerudi kwenye kiti chake. Michongoma ikachakarika nyuma ya jikoni. Sote tuliacha kutafuna. Mama aliinuka, akasimama mlangoni, mkono kwenye mwimo.

"Nani?" kukhu akauliza kutoka ndani.

"Ni mbuzi, mama."

"Na nyuma yake?"

Mama alishuka ngazi, akampisha mbuzi, akaenda kutazama.